Asili ya Kilatini na Kigiriki ya maneno ya Kiingereza ya hisia kali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyasikia mara nyingi kutoka kwa wanafunzi, walimu na wafasiri. Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale yanayoleta ubishi. Jibu likiwa limegusiwa mahali pengine, nimetaja namba ya swali badala ya kulirudia.

## Mambo ya msingi

1. Je, Kiingereza hakikuwa na maneno yake ya hisia mpaka kikakope?

Kilikuwa nayo. *Love*, *hate*, *fear* na *sorrow* ni ya tangu Kiingereza cha kale. Ni maneno mafupi, ya nyumbani, ambayo mtoto huyajua kabla hajaanza shule. Kilichokopwa ni tabaka lililokuja juu yake, yaani maneno ya kanisani, ya mahakamani, ya waganga na ya wanafalsafa.

Msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa. Tuna *upendo*, *chuki* na *wivu* vya Kibantu, na juu yake tumeweka *mahaba*, *huzuni*, *furaha*, *hofu* na *ghadhabu* kutoka Kiarabu. Upendo na mahaba havina ladha moja hata kama kamusi imevikalisha jirani. Ndivyo ilivyo kwa *love* na *passion*.

2. Maneno hayo yaliingia lini, na kwa njia gani?

Kubwa kuliko zote ni njia ya Kifaransa. Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya mabwana kwa karne kadhaa. Kilileta maneno ya Kilatini yaliyokwisha kufupishwa na vinywa vya watu: *gaudium* ya Kilatini, furaha, ikawa *joy*, *gravis*, yaani -zito, ikazaa *grief*, huzuni ya kufiwa. Sisi pia husema mtu ameelemewa na huzuni.

Baadaye, hasa karne ya 16 na ya 17, wasomi waliyachota maneno moja kwa moja vitabuni, ndiyo maana *enthusiasm* bado lina sura ya Kigiriki. Mwisho wakaja madaktari na wanasaikolojia, waliounda maneno mapya kwa mizizi ya zamani (swali la 18).

3. Nitatambuaje kama neno ni la Kigiriki au la Kilatini?

Tahajia husaidia. Ukiona *ph* inayosomwa kama f, *ch* inayosomwa kama k, au *y* katikati ya neno, shuku Kigiriki: *phobia*, *melancholy*, *sympathy*. Miisho *-mania*, *-phobia* na *-pathy* ni ya Kigiriki pia. Mwisho wa *-or* katika majina ya hisia ni alama ya Kilatini: *terror*, *horror*, *furor*, na *ardour* kwa tahajia ya Uingereza.

Lakini usiamini macho peke yake. *Joy* na *grief* ni mafupi kama maneno ya kienyeji, kumbe ni ya Kilatini, na *anger* ambalo wengi hulidhania la Kilatini lilikuja na Wavikingi, mabaharia wa Skandinavia (swali la 9).

4. Neno *emotion* lenyewe lina maana gani?

Kilatini *emovere* ni kuhamisha, kutoa kitu mahali pake. Mzizi wake, *movere*, ndio uliozaa *motor* na *motion*. Neno lilipoingia Kiingereza kupitia Kifaransa katika karne ya 16, lilitumika kwa ghasia na misukosuko ya watu, si kwa mambo ya moyoni. Hisia ilipokuja kuitwa hivyo, ilifananishwa na msukosuko: kitu kilichotulia kimeng'olewa mahali pake.

Liweke neno hili akilini, kwa sababu sura yake itajirudia karibu katika kila jibu. Wagiriki na Warumi waliiona hisia kali kuwa kitu kinachomjia mtu kutoka nje, kikamsukuma, kikamshika, kikamwingia. Kiswahili kinalijua jambo hilo ndani ya sarufi yake. Hatusemi tu kwamba mtu anaogopa, bali *ameingiwa na hofu*. Tunasema *amepandwa na hasira*, *ameshikwa na huzuni*, *amepigwa na butwaa*, *amejawa na furaha*. Kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa. Hisia ndiyo mtenda; mtu ni pale mahali jambo linapotendeka. Anayelisikia hili katika Kiswahili chake ana ufunguo wa nusu ya ukurasa huu.

## Mateso yaliyogeuka mapenzi

5. *Passion* ni mapenzi au ni mateso?

Ni vyote viwili, na mateso yalitangulia. Kitenzi cha Kilatini ni *pati*, kuteseka, kustahimili, kutendwa jambo. Jina lake katika Kilatini cha baadaye ni *passio*. Wakristo walilitumia kwa mateso ya Yesu, na kwa maana hiyo ndipo lilipoingia Kiingereza. Hadi leo *the Passion*, kwa herufi kubwa, ni Mateso ya Bwana, na mfasiri anayeandika "mapenzi" hapo amepotoka vibaya.

Basi mateso yalifikaje kitandani? Njia ilipita kwa wanafalsafa. Wagiriki walikuwa na neno *pathos*: lile lililompata mtu, liwe ajali, ugonjwa au hisia. Waandishi wa Kilatini walipotafuta neno la kulifasiri, *passio* likachukua kazi hiyo. Hivyo kila hisia kali, iwe hasira, tamaa au woga, ikawa *passio*, kwa kuwa mtu haifanyi bali anafanyiwa. Kati ya hisia zote, mapenzi ndiyo yaliyolinyakua neno katika matumizi ya kawaida.

Ndugu zake ni wengi. *Patient* ni mgonjwa na pia mvumilivu, kwa kuwa wote wawili wanastahimili. *Compassion* ni kuteseka pamoja na mwenzako. Na *passive*, jina ambalo wanasarufi wa Kiingereza huiita kauli ya kutendwa, ni la mzizi huohuo. Ukisema "nimeshikwa na mapenzi", sarufi yako na asili ya neno *passion* zinatamka jambo moja.

6. *Sympathy*, *apathy* na *antipathy* zinahusianaje?

Zote zimebeba *pathos* ya swali la 5. *Sun-* (hapa *sym-*) ni pamoja, hivyo *sympathy* ni kuhisi pamoja. *Anti-* ni dhidi, hivyo *antipathy* ni hisia ya kumpinga mtu. *A-* hukanusha, na hapo pana kisa.

Leo *apathy* ni lawama: mtu hajali, kijana hataki kwenda kupiga kura. Kwa Wastoa, kundi la wanafalsafa wa Athene, *apatheia* ilikuwa fahari. Ilikuwa hali ya mtu ambaye hasira, tamaa na woga havimtikisi tena, na mwanafalsafa alijifunza maisha yake yote ili aifikie. Cicero, mwandishi wa Kirumi, alipokuwa akiyaeleza mafundisho hayo kwa Kilatini, alikataa kuziita *pathe* za Wagiriki "magonjwa", akachagua *perturbationes*, misukosuko. Humo ndimo Kiingereza kilimopata *perturb*.

7. Je, tunda la pasheni lina uhusiano wowote na *passion*?

Lina uhusiano wa moja kwa moja, ila si na mahaba. Wamisionari wa Kihispania huko Amerika ya Kusini waliona katika ua la mmea huo alama za mateso ya Yesu: taji la miiba, misumari, majeraha. Wakaliita ua la Mateso. Mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa mimea, alilithibitisha jina hilo kisayansi kwa kuuita mmea *Passiflora*. Kwa hiyo glasi ya juisi ya pasheni ya Dar es Salaam au Mombasa imebeba jina la Ijumaa Kuu, na tangazo linalolihusisha tunda hilo na mapenzi kwa sababu ya jina limekosea njia.

8. Na Pasaka je?

Hapana. Pasaka inatoka kwenye *pesach* ya Kiebrania, iliyopitia *pascha* ya Kigiriki. Kosa hili ni la kale: Wakristo wa mwanzo waliokuwa wakisema Kigiriki walilisikia *pascha* likifanana na *paskhein*, kuteseka, wakaunganisha mawili hayo katika mahubiri. Augustino aliwasahihisha, akieleza kwamba neno ni la Kiebrania. Kufanana kwa sauti hakuthibitishi undugu.

## Hasira

9. Kwa nini kuna *anger*, *rage*, *fury* na *ire* wakati hasira ni hasira?

Kwa sababu kila moja limetoka kwenye picha tofauti, na harufu ya picha hiyo bado haijaisha.

*Rage* ni Kilatini *rabies*, ukali wa mnyama aliyeshikwa na wazimu. Kiingereza kimelichukua mara mbili. Kupitia Kifaransa likawa *rage*, hasira ya binadamu. Kupitia vitabu vya tiba likabaki *rabies*, kichaa cha mbwa. Ukimwelezea mtu kwa *rage* umemweka karibu na mbwa huyo.

*Fury* ni *furia*, kutoka *furere*, kuwa na wazimu. Warumi waliwaita Furiae wale pepo wa kike wa kisasi ambao Wagiriki waliwaita Erinyes, waliowaandama watu waliomwaga damu ya ndugu zao. *Ire* ni *ira* tupu ya Kilatini. Leo hulikuta zaidi katika ushairi na vichwa vya habari, lakini *irate* bado liko hai ofisini.

*Anger* si la Kilatini. Ni *angr* ya Waskandinavia wa kale, na maana yake ilikuwa huzuni, dhiki. Kiingereza kililipokea kwa maana ya taabu, kisha taratibu likageuka kuwa ghadhabu. Sasa liangalie neno letu *hasira*. Kiarabu *hasra* ni majonzi, majuto yanayochoma. Lilivuka bahari, na katika Kiswahili likawa hasira. Lugha mbili zisizojuana zimesafiri safari ileile, kutoka kwenye uchungu hadi kwenye ghadhabu. Aliyewahi kumwona mfiwa akiwafokea watu msibani hatahitaji kuelezwa ni kwa nini.

10. *Ardour* na *fervour* nazo ni hasira?

Hapana, ni ari na hamasa. *Ardere* ni kuwaka moto, na *fervere* ni kuchemka. Katika Kiswahili pia moyo huwaka na damu huchemka, kwa hiyo hapa mfasiri hana kazi ngumu.

## Hofu

11. Ni kweli *panic* limetokana na jina la mungu?

Ni kweli. Pan alikuwa mungu wa wachungaji wa Arkadia, nchi ya milima huko Ugiriki, mwenye pembe na miguu ya mbuzi, akiishi milimani na nyikani. Kundi la mbuzi likitimka ghafla bila sababu ya kuonekana, au watu wakishikwa na woga mahali pa upweke, ilisemwa ni kazi yake. Herodoto, mwanahistoria wa Kigiriki, anasimulia kwamba kabla ya vita vya Marathoni, mwaka 490 KK, Pan alimtokea mpiga mbio wa Athene njiani, na baadaye Waathene wakamjengea mahali pa ibada chini ya Akropoli.

Hata leo *panic* si woga wowote. Ni ule unaoambukiza umati kabla mtu hajauliza kuna nini.

12. Tofauti ya *terror*, *horror* na *phobia* ni ipi?

*Terror* ni *terrere*, kutisha. Lina mkono wa mtu ndani yake, yaani kuna anayetisha. Ndiyo maana utawala wa Mapinduzi ya Ufaransa wa 1793 hadi 1794 uliitwa *la Terreur*, na kutoka humo likazaliwa neno la Ulaya la ugaidi.

*Horror* ni *horrere*, kusimama kwa nywele, kusisimka ngozi. Neno zima liko mwilini. Tunaposema "nywele zilinisimama", tumefasiri *horror* bila kujua.

*Phobia* ni *phobos*. Kwa Homero, mshairi wa kale wa Kigiriki, *phobos* ni kukimbia, jeshi kutimka vitani. Maana ya hofu iliyo moyoni ilikuja baadaye. Phobos aliaminiwa pia kuwa mwana wa Ares, mungu wa vita. Mwanaastronomia Asaph Hall alipougundua mwezi mkubwa wa sayari ya Mars mwaka 1877, ulipewa jina hilo, na mdogo ukaitwa Deimos, kitisho.

13. *Anxiety* na *anguish* zinanichanganya. Zimetoka wapi?

Zote zimetoka katika wembamba. Kilatini *angere* ni kukaba, kubana koo; humo limo *anxiety*, na limo *angina*, maumivu ya kubanwa kifua. *Angustia* ni wembamba, mahali finyu. Humo limo *anguish*. Wanaisimu huliweka hata *anger* la swali la 9 katika ukoo huu.

Hapa ndipo napenda kuwasimamisha wanafunzi wangu. Neno *dhiki* limetoka kwenye *dhiq* ya Kiarabu, ambayo maana yake ni wembamba, ufinyu. Mrumi alimwona mwenye mateso kama mtu aliyebanwa kwenye upenyo. Mwarabu akamwona vilevile, nasi tukalipokea. Ukitafuta neno moja la kufasiri *anguish*, dhiki linatosha kuliko "uchungu mkubwa" na "maumivu makali ya moyo" yanayojaa katika tafsiri zetu. Katika Biblia ya Kiswahili ya Union, Yesu wa Gethsemane yuko katika dhiki pale ambapo Kigiriki kina *agonia*, neno lililotokana na *agon*, mashindano, na lililozaa *agony*. Mfasiri yule alisikia vizuri.

## Miungu, wazimu na nyongo

14. *Enthusiasm* lina mungu ndani yake?

Limo neno *theos*, mungu. *Entheos* ni mwenye mungu ndani, na *enthousiasmos* ni hali ya kupandwa na mungu. Uingereza ya karne ya 17 ililitumia kama tusi kwa watu wa dini waliodai kufunuliwa mambo moja kwa moja na Mungu. Leo mwombaji kazi huliandika bila woga kwenye barua yake.

*Ecstasy* ni kinyume cha picha hiyo. *Ekstasis* ni kusimama nje, yaani mtu ametoka ndani ya nafsi yake. Katika moja mgeni ameingia, na katika lingine mwenye nyumba ametoka. *Mania* ni wazimu wenyewe, na Plato alifundisha kwamba wazimu unaotoka kwa miungu huleta baraka: wa nabii, wa ibada za utakaso, wa mshairi na wa mpenzi. Neno letu *wazimu* nalo limebeba *mzimu* waziwazi.

15. *Delirium* na *frenzy* ni magonjwa au hisia?

Yalianza kama magonjwa. *Frenzy* ni *phrenitis*, homa ya kupagawa, kutoka *phren*, akili, ambayo Wagiriki wa kale waliiweka kifuani karibu na kiwambo kinachotenga kifua na tumbo. *Delirium* limetoka shambani: *lira* ni tuta, na *delirare* ni kutoka nje ya tuta. Mkulima anaona plau imeacha mstari, na picha hiyo ikahamia kwa mgonjwa anayeweweseka.

16. Kwa nini *melancholy* huitwa nyongo nyeusi, nayo inatuhusu nini?

*Melas* ni -eusi, *khole* ni nyongo. Tangu waandishi wa shule ya Hippokrate, tabibu wa kale wa Kigiriki, na hasa kwa tabibu Galen wa karne ya 2, mwili ulidhaniwa kutawaliwa na vimiminika vinne: damu, nyongo ya manjano, nyongo nyeusi na kohozi. Kilichozidi ndicho kilichotawala tabia. Mwenye damu nyingi ni *sanguine*, mchangamfu. Mwenye nyongo ya manjano ni *choleric*, mwepesi wa hasira. Mwenye nyongo nyeusi ni *melancholic*, na mwenye kohozi ni *phlegmatic*, mzito asiyestuka.

Nadharia imekufa, maneno yamebaki, na si kwa Waingereza tu. Katika karne ya 9 huko Baghdad, Hunayn ibn Ishaq na wenzake walivifasiri vitabu vya Galen, na tiba hiyo ikaenea kote Kiarabu kilikofika. *Phlegma* ya Kigiriki ikawa *balgham* ya Kiarabu, nayo ikafika kwetu kama *belghamu*. Nyongo ya manjano kwa Kiarabu ni *safra*, nasi tuna ugonjwa wa *safura*. Kwa hiyo bibi anayesema mtoto ana belghamu kifuani na Mwingereza anayemwita jirani yake *phlegmatic* wanatumia neno moja la Kigiriki lililopita njia mbili.

17. Nitumie *hysteria* na *hysterical*?

Kwa uangalifu mkubwa. *Hystera* ni mji wa mimba. Waganga wa kale walidhani mji huo huhama mwilini na kumtia mwanamke mahangaiko, na dhana hiyo iliwafanya wanawake wengi, kwa karne nyingi, wasisikilizwe walipolalamika maumivu. Kwa umati, andika "taharuki". Kwa mwanamke mmoja aliyekasirika, sioni mahali pa neno hilo.

## Maswali ya pembeni

18. Je, yote ni ya kale kweli?

Hapana. *Nostalgia* halikujulikana kwa Mgiriki yeyote wa kale. Liliundwa mwaka 1688 na Johannes Hofer huko Basel, kwa *nostos*, kurudi nyumbani, na *algos*, maumivu, ili kuupa jina ugonjwa wa Waswisi waliodhoofika kwa hamu ya kwao wakiwa ugenini. Kwa maana hiyo ya kwanza, mtu haoni *nostalgia* ya zamani bali ya mahali.

19. *Envy* na *jealousy* ni kitu kimoja?

Katika mazungumzo huchanganywa, asili zake ni mbali. *Envy* ni *invidia*, kutoka *invidere*, kumtazama mtu kwa jicho baya. Ndani yake mna *videre*, kuona, iliyo pia ndani ya *video*. Kiswahili kina *kijicho*, na sijui tafsiri iliyo kamili zaidi ya hiyo. *Jealousy* ni *zelos* ya Kigiriki, bidii kali, na *zelos* hiyohiyo imezaa *zeal*. Mwenye *zeal* na mwenye *jealousy* wote wanakishikilia kitu kwa moto mmoja. Mmoja ana kazi, mwingine ana mke. Kwa *jealousy* ya ndoa, sema wivu. Kwa jirani anayeumia ukijenga nyumba, sema kijicho au husuda.

20. Asili ya neno ndiyo maana yake sahihi?

Sivyo. *Terrific* ni ndugu wa *terror*, na leo husifia chakula kizuri. *Astonish* lina ngurumo ya radi ndani yake, *tonare* ya Kilatini, lakini anayesema *I am astonished* hajapigwa na radi. Kama asili ingetawala, hasira ya swali la 9 ingebaki kuwa majuto, na mtu angekosea kila anapoitamka.

Mfano mkali kuliko yote ni *empathy*. Mwanasaikolojia Edward Titchener alilileta katika Kiingereza mwaka 1909, akitumia Kigiriki kufasiri neno la Kijerumani *Einfühlung*, kujitia ndani ya hisia za mwingine. Kwa Kiingereza ni sifa njema, na walimu na wauguzi huhimizwa kuwa nayo. Lakini katika Kigiriki cha leo *empatheia* ni chuki, nia mbaya kwa mtu. Mwuguzi anayekwenda kufanya kazi Athene na atafute neno lingine la kujisifia.